Kuhamishia programu ya chelezo kwenye OpenBSD

Hapa Kigoma ukitaja chelezo, watu wa bandarini wanafikiria pale meli inapopandishwa kutengenezwa. Mimi nazungumzia chelezo ya kompyuta, nakala ya akiba ya mafaili. Natunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa cha wauza dagaa wa Kibirizi, kwenye kompyuta kuukuu yenye OpenBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix. Programu ya chelezo tuliyoizoea ni ya msimbo huria, lakini imeandikwa kwa lugha ya C na watu wa Linux, mfumo endeshi mwingine. Niliihamisha hivi.

Hatua ya 1: hakikisha kazi ipo. Andika `pkg_info -Q jina`. Restic na borgbackup zimo tayari. Zikikutosha, nenda kalale. Kama sivyo, pakua `ports.tar.gz` (mkusanyiko wa maelekezo ya kujengea programu) ya toleo lako lile lile, ihakiki saini yake kwa `signify`, kisha ifungulie `/usr`. Usichanganye matoleo. OpenBSD hutoa jipya kila baada ya miezi sita, na maktaba zake hubadilika.

Hatua ya 2: jenga kiota. Tengeneza saraka `/usr/ports/mystuff/sysutils/jina`, nakili humo kiolezo cha Makefile (faili la maelekezo ya ujenzi) kutoka `/usr/ports/infrastructure/templates`, jaza COMMENT, DISTNAME, HOMEPAGE na vinginevyo. Programu ikidai make ya GNU, ongeza `USE_GMAKE = Yes`. Eleza programu kwenye `pkg/DESCR`, halafu `make makesum`.

Hatua ya 3: `make`, na makosa yaanze kumiminika. Hapa ndipo siku zangu nyingi zilipoishia. Kosa la kwanza: `sys/xattr.h` haipo. OpenBSD haina sifa za ziada za faili wala ACL (orodha za ruhusa), kwa hiyo sehemu hiyo yote ya msimbo lazima izungukwe na `#ifdef __linux__`. `posix_fadvise` nayo haipo. Iondoe tu, ilikuwa ya kuongeza kasi. Msimbo ukichungulia `/proc`, saraka ya Linux ya taarifa za mfumo, tafuta njia nyingine. Skripti zinazoanza na `/bin/bash` nyingi nilizigeuza zikaenda na `sh`. Halafu kuna muda: tangu toleo la 5.5 la mwaka 2014, `time_t`, aina ya namba inayoshika muda, ni ya biti 64 hata kwenye mashine za biti 32 kama yangu. Aliyechapa muda kwa `%ld` amekutegea. Geuza kuwa `(long long)` na `%lld`. Onyo la kompaila kuhusu jambo hili usilipuuze hata kidogo, maana programu ya chelezo huamua kipi kimebadilika kwa kutazama tarehe.

Kabla ya kugusa faili lolote, acha nakala yake ya asili yenye mkia `.orig.port`. Ukimaliza, `make update-patches` itakuandikia viraka (mafaili ya mabadiliko yako) yenyewe.

Hatua ya 4: ifunge kamba. Ungeweza kuiruka, ila mimi siiruki. Programu hii inasoma kila kitu cha wanachama, tena kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Baada ya kusoma mipangilio yake, nikaweka:

```
unveil("/var/chama", "r");
pledge("stdio rpath inet dns", NULL);
```

Mstari wa kwanza unafunua saraka moja tu, ya hesabu za kikundi. Mengine kwake hayapo. Wa pili ni ahadi mbele ya kerneli, kiini cha mfumo, kwamba programu itafanya mambo hayo tu, na ikivunjwa programu inauawa papo hapo. Tazama `dmesg`: itakutajia ahadi iliyokosekana. Upande wa kurejesha unahitaji ahadi pana zaidi: `wpath`, `cpath`, `fattr` na `chown`, na saraka ya kuandikia ifunuliwe kwa `rwc`.

Hatua ya 5: `make fake`, `make update-plist`, `make port-lib-depends-check`, `make install`. Hapa hakuna hadithi.

Hatua ya 6: rejesha. Wajerumani walipoizamisha meli tunayoiita Liemba mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza, wakiwaza siku ya kuiibua. Nawe waza hivyo. Kabla ya chelezo, andika orodha ya mafaili na alama zake kwa `mtree`:

```
mtree -c -K sha256digest -p /var/chama > /root/kabla
```

Kisha rejesha kwenye saraka tupu na ulinganishe:

```
mtree -p /var/rudi < /root/kabla
```

Mara ya kwanza yaliyomo yalikuwa sawasawa, lakini tarehe zote zilikuwa za siku ile. Kumbe `#ifdef` yangu ya hatua ya 3 ilikuwa imemeza pia mstari wa `utimensat`, unaorudisha tarehe za mafaili. Nikarekebisha kiraka, nikajenga upya, nikarejesha tena. Safari hii `mtree` ilikaa kimya, yaani haikuona tofauti.

Ndipo nikaiweka kwenye crontab ya root, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe kupitia cron, saa nane usiku. Andika `0 2`, si `0 8`: cron haijui saa zetu.