Hema la Kuoteshea Mimea Ndani ya Nyumba

Anayeishi ghorofani Mji Mkongwe, bila ua, anaweza kuotesha mnanaa, kotimiri na mirehani ndani ya hema la sentimita 60 kwa 60 lenye kimo cha sentimita 140, ilimradi akumbuke kwamba adui wake hapa Unguja si baridi bali ni joto na unyevu. Kwa hiyo feni ya kutolea hewa ichaguliwe kabla ya taa. Hema hilo huchukua takriban nusu mita ya ujazo ya hewa. Ili hewa ibadilike kila dakika, feni ya mita za ujazo 30 kwa saa inatosha, ingawa mimi ningechukua kubwa zaidi kwa ajili ya masika.

Taa iwe ya LED, itundikwe sentimita 30 hadi 45 juu ya miche na iwashwe saa 14 kwa siku. Feni ifungwe juu, na tundu la kuingizia hewa liachwe wazi chini. Hema lisigusane na ukuta wa mawe na chokaa, kwani huo hunyonya unyevu. Waya wa umeme uning'inizwe kwanza chini ya soketi kabla ya kuchomekwa, ili maji yakiufuata yadondoke sakafuni.