Soma jina la dawa yako ya kolesteroli kabla hujatoka dukani

Nauza dawa Ngamiani, Tanga, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Dada, hii inayeyusha mafuta?" Haiyeyushi. Kolesteroli haing'olewi kwenye mishipa kama ukoko wa sufuria. Dawa hizi hubadilisha kazi ya ini au ya utumbo.

Tafuta jina la dawa lenyewe, achana na lile kubwa la kampuni. Likiishia na statini (atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini), hiyo ni ya ini. Ini hujitengenezea kolesteroli yake, hata kwa mtu asiyegusa nyama. Statini huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kunasa LDL, ile kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu, na hapo ndipo kipimo kinaposhuka.

Simvastatini imezwe usiku: ini hutengeneza zaidi usiku, na dawa hiyo haidumu mwilini. Atorvastatini hudumu, kwa hiyo chagua saa yako, ukiikumbuka na chai ya asubuhi, sawa.

Usijiongezee vidonge. Dozi ikizidishwa mara mbili, LDL hushuka zaidi kwa takriban asilimia 6 tu. Daktari huona heri aongeze ezetimibi ya miligramu 10, ambayo huzuia utumbo mdogo usifyonze kolesteroli ya chakula na ya nyongo. Mlango mwingine kabisa, ndiyo maana zinakwenda pamoja. Fenofibrati ni habari nyingine, hiyo hasa ni ya triglisiraidi, mafuta mengine ya kwenye damu. Ziko na sindano zinazolinda vipokezi vya ini visiharibiwe, lakini bei yake, mh!

Ukija kununua antibayotiki, nitajie statini yako. Klarithromaisini na simvastatini hazimezwi pamoja. Simvastatini hujilimbikiza mwilini na misuli ikaumia. Juisi ya balungi nayo iache ukiwa na simvastatini. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, zungumza na daktari kwanza. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Pima tena baada ya wiki 4 hadi 12. Namba zikiwa nzuri, usiache: ukiacha, ini hurudia kazi yake ya zamani na LDL hupanda. Karatasi ya vipimo njoo nayo, ya zamani na mpya, nizisome pamoja.