Namna ya Kuweka Elektrodi za ECG na Kuikagua Karatasi Yake

Mwongozo huu ni wa wahudumu wanaowasaidia madaktari na matabibu. Nimepima ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na karatasi nyingi mbovu nilizoziona ziliharibiwa na elektrodi (vipokezi vya umeme vinavyowekwa kwenye ngozi) zilizowekwa pasipo pake, si na mashine.

Ujue kwanza unachokipima. Moyo una vyumba vinne, yaani atria mbili juu na ventrikali mbili chini. Ventrikali ya kulia husukuma damu mapafuni, na ya kushoto, yenye ukuta mnene zaidi, huisukuma mwilini kote. Umeme huanzia kwenye nodi ya SA, kianzishi cha mapigo kilicho katika atria ya kulia, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, huenea katika atria, hukawia kidogo kwenye nodi ya AV, iliyo kati ya atria na ventrikali, kisha hushuka ventrikalini. Kwenye karatasi, wimbi P ni la atria, QRS ni la ventrikali, na T huonyesha ventrikali zikijiandaa kwa pigo lingine.

Hatua ya kwanza ni mgonjwa. Wengi huogopa waya, kwa hiyo mwambie: "Mzee, mashine hii haikutilii umeme, inausoma tu ule wa moyo wako." Alale chali, mikono imelegea. Kwa joto letu la ziwani jasho ni adui mkubwa, nayo mafuta ya kujipaka vilevile. Safisha ngozi, ikaushe kabisa, na unyoe nywele zikizuia. Mama afunikwe leso hadi utakapohitaji kifua, na pazia livutwe.

Hatua ya pili ni mikono na miguu. Kwenye mashine nyingi nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto na nyeusi mguu wa kulia, lakini rangi za Marekani ni tofauti, hivyo soma herufi zilizoandikwa kwenye waya.

Hatua ya tatu, kifua chenye elektrodi sita, V1 hadi V6, ndiyo inayotaka subira. Shusha kidole kutoka kishimo cha chini ya koo hadi ukutane na tuta dogo la mfupa wa kidari: hapo ndipo ubavu wa pili unapoungana nao, na nafasi kati ya mbavu iliyo chini ya ubavu huo ni ya pili. Hesabu hadi ya nne, uweke V1 kulia kwa kidari na V2 kushoto. Ruka V3 kwanza. Weka V4 katika nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga, ndipo V3 ikae kati ya V2 na V4. V5 na V6 hufuata usawa wa V4, V5 kwenye mstari wa ukingo wa mbele wa kwapa na V6 kwenye mstari wa katikati yake. Usifuate mkunjo wa ubavu, wala usitumie chuchu kama alama.

Hatua ya nne, hakikisha kasi ni milimita 25 kwa sekunde na kipimo ni milimita 10 kwa milivolti. Mraba mkubwa ni sekunde 0.2, gawanya 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya QRS mbili, kwa hiyo miraba 4 ni mapigo 75. Mapigo yasipolingana, hesabu QRS za sekunde 10 uzidishe kwa 6.

Kabla ya kung'oa elektrodi, tazama lidi I, mchoro unaosoma umeme kati ya mikono miwili. Ikiwa imepinduka na aVR, mchoro unaoutazama moyo kutoka upande wa mkono wa kulia, imesimama wima, shuku waya za mikono. Mwaka wangu wa kwanza nilizibadilishana, na tabibu alikaribia kumpa mgonjwa rufaa kwa kosa langu.

Andika jina, saa na kama kifua kinauma wakati huo. Kikiwa kinauma, karatasi imfikie daktari ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa alipofika, hata kama foleni ni ndefu.