Kesho safari, mtoto hataki kulala

Mke wangu ni nesi. Wiki zake za zamu ya usiku mimi ndiye ninayefunga cherehani mapema, napika, naogesha na kulaza. Binti yetu ana miaka minne, na siku za kawaida kumlaza si kazi. Kazi ni zile siku ambazo kuna jambo limemchangamsha: mjomba kaingia na zawadi, jirani ana shughuli na spika zimefunguliwa, au kesho alfajiri tunapanda basi kwenda Tanga kwa bibi yake. Ukimwambia "lala" anafumba macho kwa nguvu, halafu anafungua moja kuangalia kama bado upo.

Wazazi wenzangu, mtoto wa namna hiyo hakaidi. Bado wa moto tu. Sisi tunaotumia pasi ya mkaa tunajua kwamba hata ukimwaga makaa, chuma kinaendelea kuunguza kitambaa kwa muda. Huwezi kumtoa kwenye mchezo saa tatu ukategemea saa tatu na dakika tano awe anakoroma. Lazima uanze kumpoza mapema, tena kwa mpangilio ule ule kila siku, ili siku ya vurugu ikifika mwili wake uwe unaijua njia.

Piga hesabu kutoka asubuhi kurudi nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na usingizi wa mchana umo humo humo. Wangu anaamshwa saa kumi na mbili kasoro robo kwa ajili ya gari la shule, na mchana hulala kwa muda wa saa nzima hivi. Maana yake saa mbili na nusu usiku awe ameshaingia kwenye chandarua. Huo usingizi wa mchana nao usivuke saa tisa, la sivyo usiku utalipa wewe.

Chakula cha usiku kiwe saa moja, na chai ya rangi iishie asubuhi. Watu wengi huona chai si kitu, wanamjazia mtoto kikombe na mkate jioni, lakini chai ina kafeini, kile kichangamsho kinachofukuza usingizi, kama kahawa na kama soda za kola.

Kisha taa na televisheni. Ubongo unapoona giza hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo ndiyo inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, na mwanga mkali unaizuia. Sisi huku Dar giza linaingia mnamo saa moja mwaka mzima, yaani jua limeshatufanyia nusu ya kazi, halafu tunawasha taa nyeupe ya sebuleni na kumpa mtoto simu aitazame kwa umbali wa kiganja. Kwangu taarifa ya habari ya saa mbili naisikiliza redioni, kwa sauti ya chini. Taa kubwa inazimwa, inabaki ile ndogo ya kuchaji, kwenye korido.

Kabla ya kuoga mwache amalize mbio zake. Siku ambayo amechangamka sana mimi huongeza kabisa: nampa kazi ya kubeba mito yote kutoka sebuleni hadi chumbani, mmoja mmoja, kisha airudishe. Baada ya hapo ndipo maji ya vuguvugu. Najua Januari ya Dar kuoga maji ya vuguvugu usiku kunaonekana kituko. Lakini maji hayo huileta damu karibu na ngozi, mtoto akitoka joto la ndani linashuka, na mwili hupenda kulala joto lake likiwa linashuka. Maji ya baridi ya kumwagiwa ghafla yanamwamsha, ataanza kupiga kelele na kukimbia uchi nyumba nzima.

Siku ya kuamkia safari kuna la ziada: malizana na kesho kabla ya kuingia chumbani. Mtoto anayengojea jambo anaogopa litampita akiwa amelala. Kwa hiyo nguo za safari tunazipanga pamoja juu ya kiti, viatu chini yake, mfuko wa karanga ndani ya begi, na anafunga zipu mwenyewe. Maswali yote nayajibu pale pale sebuleni. Tutaamka saa ngapi, nani ataniamsha, nitakaa dirishani? Tukishaingia kwenye chandarua, kila swali la kesho lina jibu moja tu: "Kesho, mama, begi liko tayari." Akiuliza tena, maneno ni yale yale na sauti ni ile ile. Jibu jipya linazaa swali jipya.

Ndani ya chandarua namfunika khanga ya mama yake aliyoivaa siku hiyo, maana harufu inamtosha. (Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimwachie nguo wala mto karibu na uso.) Halafu tunapuliza uji wa moto. Anakinga viganja kama kikombe, anavuta harufu ya uji kwa pua, kisha anapuliza taratibu sana, uji usimwagike. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo, ila yeye hilo halimhusu, yeye anapoza uji. Akipuliza kwa fujo namwambia umemwagika, tunachota mwingine.

Hadithi nazo zina mtego. "Paukwa!" ni tamu, lakini mtoto lazima aitikie "Pakawa!", na kuitikia kwenyewe ni kupaza sauti. Akifika kwa sungura anayemhadaa simba ameshakaa kitako. Hizo ni za jioni, baada ya kula. Za kitandani ziwe hazina kisa. Mimi humtajia vituo vya mabasi ya mwendokasi kutoka kwetu Kimara nikienda Kariakoo kununua vitambaa, kwa sauti ya chini, na kunyamaza kidogo kati ya kituo na kituo: Kimara. Korogwe. Bucha. Baruti. Kona. Kibo. Ubungo. Shekilango. Kila kituo nasema nani ameshuka, na hakuna linalotokea. Manzese anaifika siku za mjomba tu.

Atatoka. Atataka maji, atataka kukojoa, atakumbuka kuwa mwanasesere hajaoga. Choo mpeleke gizani bila mazungumzo, maji funda mbili, mrudishe. Usicheke hata kama amesema jambo la kuchekesha, na anasema.

Vitisho mimi sitaki. Zimwi linamnyima usingizi, na "nitamwita nesi akuchome sindano" kwangu haiwezekani, nesi mwenyewe ni mama yake. Hatari zaidi ni ile tabia ya kumnywesha mtoto dawa ya mafua ili alegee. Ni dawa, si pipi. Ikizidi inadhuru, na watoto wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Ila kama kila usiku ni vita bila sababu yoyote, chunguza. Mtoto anayejikuna makalio usiku huenda ana minyoo. Anayekoroma kila siku na kukata pumzi katikati, mpeleke hospitali wakamtazame koo na pua.

Na hata akilala saa nne, asubuhi mwamshe saa ile ile. Ukimwachia hadi saa mbili, usiku unaofuata mtaanza upya.

Kilichobaki ni mjomba. Shemeji yangu hufika saa mbili na robo, anambeba mtoto juu juu, anamrusha. Siku hizi nampigia simu akiwa bado Ubungo: "Shemeji, ama uje saa kumi na mbili ucheze naye, ama uje saa tatu ule chakula chako kimya kimya." Huchagua chakula.