Somo: Chaja ya gari la umeme nyumbani, anza na mita, boksi baadaye

Wakuu, hili ni la mafundi wa Tabora na majirani zetu wa Kigoma. Mteja kanunua Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, kaagiza na boksi la chaja Dar, anataka ulifunge leo leo. Mwambie asubiri. Boksi lilipaswa kununuliwa mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Pima mzigo

Chaja ya ampea 32, fezi moja, volti 230, inavuta kilowati 7.4. Ukubwa huo peke yake hautishi. Kinachoua wayaringi ni muda. Pasi inawaka na kuzima, lakini chaja inavuta ampea zile zile saa tano au sita mfululizo, kwa hiyo usiihesabu kama soketi ya kawaida.

Nenda saa 2 usiku, familia yote ipo, majiko yanawaka. Weka klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya) kwenye waya wa fezi unaotoka LUKU, andika ampea, kisha pima volti pia. Tuseme nyumba inavuta ampea 30 na kikata umeme kikuu ni cha 60. Ukiongeza 32 umeshapitiliza. Shusha chaja hadi ampea 16, yaani kilowati 3.7, nyingi zina swichi ndogo ndani au programu ya simu ya kufanyia hivyo. Gari likichomekwa saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi, hapo kuna uniti karibu 40. Leaf ya betri ya kilowati-saa 24 inajaa na usingizi unabaki. Isitoshe, Leaf za mwanzo chaja yao ya ndani ni ya kilowati 3.3 tu, hata ukizifungia boksi kubwa kiasi gani.

Mteja akiwa kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, mweleze mapema kwamba gari litamtoa humo. Vinginevyo lawama zitakurudia wewe.

Hatua ya 2: Kebo

Chaja ipewe sakiti yake kutoka mainswichi, isichangie na soketi ya friji wala pampu. Viwanja vyetu ni vikubwa na geti liko mbali, kwa hiyo pima njia kwa futi kamba, usikisie. Kwa ampea 32 na umbali wa mita 60, shaba ya milimita 6 za mraba inapoteza volti kama 11, karibu asilimia 5. Ya milimita 10 inapoteza kama 7. Pale ambapo volti za jioni tayari ziko chini, tofauti hiyo utaiona.

Hatua ya 3: Eathi

Hapa ndipo pa kukaa. Mtu anashika bodi la chuma la gari huku kasimama peku kwenye udongo uliolowa. Eathi mbovu kwenye friji inaweza kujificha miaka, kwenye gari haijifichi.

Udongo wa kichanga wa Tabora ukikauka, ukinzani unapanda sana. Rodi ya eathi, ile nondo iliyozikwa ardhini, uliyopima Februari mvua zikinyesha itakupa namba nzuri, halafu Septemba ni kitu kingine. Ukipima masika, jiwekee akiba kubwa. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinasema eathi inayozidi ohmu 200 inaweza isiwe thabiti. Binafsi sikabidhi kazi ikiwa karibu na hapo, nataka chini sana. Haishuki? Ongeza rodi ya pili, umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe. Ukizibananisha zinafanya kazi kama moja. Na usithubutu kuunganisha eathi na nyutro kwenye chaja ili taa ya hitilafu izime. Nimeona watu wakifanya.

Hatua ya 4: RCD

Hiki ni kifaa kinachokata umeme ukivuja. Soma alama usoni. Yenye wimbi moja tu ni aina ya AC, iache dukani: gari likivujisha umeme wa DC (wa njia moja, kama wa betri), kifaa hicho kinaweza kupofuka kisikate kabisa. Weka aina ya A ya miliampea 30 kama chaja ina kigunduzi chake cha DC cha miliampea 6. Kama haina, aina ya B. Ongeza na kinga ya radi kwenye mainswichi, ngurumo za huku mnazijua.

Hatua ya 5: Funga, kaza, pima

Boksi la IP54 au zaidi (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), kivulini, ila si chini ya mwembe. Kaza skrubu kwa bisibisi ya kipimo cha mkazo. Pima insulesheni, yaani ukinzani wa ganda la nyaya, kwa volti 500 kabla ya kuunganisha chaja, isishuke chini ya megaohmu 1, kisha jaribu RCD. Chaji gari saa nzima, zima, fungua mainswichi: ganda la waya likiwa limebadilika rangi karibu na skrubu, hapo hapakukazwa. Kazi isainiwe na mwenye leseni ya EWURA.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, boksi lina tundu la Type 2, Leaf ya Japani kichwa hakiingii. Nibadili boksi?*
Hapana. Type 1 na Type 2 ni aina za plagi, na Leaf hiyo ni Type 1. Tafuta kebo yenye Type 2 upande mmoja na Type 1 upande wa pili.

*Shikamoo fundi. Nina bajaji nne za umeme Ipuli, nachaji kwa extension moja.*
Marahaba. Acha leo hii. Soma ampea kwenye kila chaja, jumlisha, kisha fungiwa soketi za ukutani, mbili kwa kila sakiti. Hiyo extension ikipata moto ukiishika, mpira wake umeshaanza kuiva.

*Sola inatosha? Niko Kasulu.*
Chaja za kawaida haziendi chini ya ampea 6, sawa na kilowati 1.4. Paneli zikitoa zaidi ya hapo mchana na gari lipo nyumbani, inawezekana. Wingu likipita itakatika na kuanza upya.

*Mwenye gesti anataka ya haraka, kilowati 50.*
Hiyo ni fezi tatu, zaidi ya ampea 70 kila fezi. Aende kwanza TANESCO aulize kama transfoma ya mtaa inabeba.