Tovuti ya taasisi na watu wenye ulemavu: rekebisha njia moja mpaka mwisho, kisha nenda kwenye nyingine

Mtu asiyeona akifungua tovuti ya taasisi yako leo, ataweza kujaza fomu ya maombi na kuituma bila kumwita mtu wa kumsaidia? Kila ninapopewa tovuti ya kurekebisha naanza na swali hilo. Wengi huanza kwingine. Huendesha programu ya ukaguzi, hupata orodha ndefu ya makosa, hurekebisha yaliyo mepesi kwenye ukurasa wa mwanzo, na fomu hubaki vilevile, haipitiki. Ripoti inapendeza, lakini mwombaji bado amekwama.

Vigezo vya kupimia kazi hii vipo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, linatoa mwongozo wa kimataifa wa ufikiaji uitwao WCAG, na toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Una ngazi tatu, kuanzia A ya chini, AA, hadi AAA ya juu, na sera nyingi hudai AA. Nyuma ya vigezo hivyo kuna haki: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 9, unataja wazi ufikiaji wa teknolojia ya habari, intaneti ikiwemo. Kwa hiyo usiende kwa wakuu wako kuomba hisani.

Hatua ya 1: Chagua njia moja

Waulize wanaopokea simu na barua pepe: watu huuliza nini zaidi? Jibu lao litakuonyesha jambo linalowaleta wengi kwenye tovuti. Huenda ni kuomba nafasi, kulipia huduma au kufuatilia maombi. Andika njia anayopita mtu kulitimiza jambo hilo, kituo kwa kituo, kuanzia ukurasa wa mwanzo hadi ujumbe wa "Tumepokea maombi yako". Hatua zote zinazofuata zifanye kwenye kurasa hizo tu kwanza.

Hatua ya 2: Weka kipanya kando

Pita njia nzima kwa kibodi peke yake. Tab hukusogeza mbele, Shift na Tab hukurudisha nyuma, Enter hufungua kiungo, kitufe cha nafasi hubonyeza vitufe na kutia alama kwenye visanduku, Esc hufunga dirisha ibukizi. Jaribio hili halihitaji programu yoyote, na ndilo hufichua mengi kuliko mengine yote. Wapo wenye mikono inayotetemeka, wapo wanaotumia fimbo ya mdomoni au swichi maalumu, na wapo wasioona. Karibu wote hawa hupitia mlango huohuo wa kibodi.

Angalia kwanza kama unaona mahali ulipo. Kila kiungo na kila kitufe kinapofikiwa lazima kizungukwe na alama inayoonekana. Wabunifu wengi huiondoa kwa `outline: none` kwa sababu hawapendi sura yake. Futa mstari huo, na kama alama ya kivinjari haikuridhishi, tengeneza yako kwa `:focus-visible`. Hakikisha pia kwamba menyu iliyogandishwa juu ya ukurasa haikifuniki kitu ulichokifikia. Hilo ni moja ya mambo mapya ya WCAG 2.2.

Kisha angalia kama kuna mahali unaparuka au unanaswa. Menyu inayofunguka kwa kupitisha kipanya juu yake tu haipo kwa mtu wa kibodi. Dirisha ibukizi linapofunguka, Tab izunguke ndani yake, Esc ilifunge, na ukishalifunga urudi ulipokuwa.

Chanzo cha matatizo mengi ya aina hii ni kitufe bandia. Fundi huchukua kipengele kisicho na kazi maalumu, `<div>`, hukipaka rangi, hukipa `onclick`, na kwa macho ni kitufe. Lakini Tab haikifikii, Enter haikibonyezi, na kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hakijui kama ni kitufe. Kipengele cha `<button>` huja na hayo yote bure. Ukiona msimbo umejaa `role` na `tabindex`, aghalabu kuna mtu aliyekuwa akijenga upya kitu ambacho HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, inacho tayari. Rudisha kipengele halisi kwanza. Sifa za ARIA, yaani maelezo ya ziada kwenye msimbo yanayokiambia kisoma skrini kitu ni nini, zibaki kwa yale ambayo HTML haiwezi.

Mwisho, weka kiungo cha "Ruka hadi maudhui" kiwe cha kwanza kabisa kwenye ukurasa. Bila hicho, mtu hupita viungo vyote vya menyu upya kwenye kila ukurasa.

Hatua ya 3: Sikiliza tovuti yako

Kwenye Windows, pakua NVDA, kisoma skrini kinachotolewa bure. Vifaa vya Apple vina VoiceOver ndani yake, na simu nyingi za Android zina TalkBack.

Kabla ya lolote, tazama mstari wa juu wa msimbo. Violezo vingi vya tovuti huja na `lang="en"`, na wanaoandika kwa Kiswahili huviacha hivyo. Matokeo yake kisoma skrini hufuata kanuni za matamshi ya Kiingereza, na maneno yako yote hutoka yamepondeka. Andika `<html lang="sw">`. Aya iliyo katika lugha nyingine ipe `lang` yake yenyewe. Ni dakika moja ya kazi, na kwa msikilizaji ndiyo tofauti kati ya kuelewa na kutoelewa chochote.

Sasa bonyeza H ukiwa ndani ya NVDA. Itakurusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, na hivyo ndivyo wengi wasioona hupitia ukurasa mrefu. Kama hakisikiki kichwa chochote, maana yake vichwa vyako ni maandishi yaliyokolezwa wino tu. Tumia `<h1>` kwa jina la ukurasa, `<h2>` kwa sehemu zake, `<h3>` kwa vijisehemu, bila kuruka ngazi. Usichague ngazi kwa ukubwa wa herufi. Ukubwa ni kazi ya CSS, msimbo unaopanga sura ya ukurasa.

Halafu bonyeza Insert na F7 upate orodha ya viungo. Je, umesikia "Bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, soma zaidi"? Andika kiungo kijitegemee: "Pakua ratiba ya usaili, PDF".

Hatua ya 4: Fomu

Hapa tumia muda wako mwingi, maana hapa ndipo watu hukata tamaa.

Kila kisanduku cha kujazia kiwe na lebo yake, `<label for="simu">`, iliyofungwa na `id` ya kisanduku hicho. Maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku si lebo: hupotea mtu anapoanza kuandika, na mwenye shida ya kumbukumbu hubaki hajui aliulizwa nini. Maswali ya kuchagua moja kati ya mengi yazungushiwe `<fieldset>` na swali lenyewe liwe `<legend>`, la sivyo msikilizaji husikia "Ndiyo, Hapana" bila kujua ndiyo ya nini.

Kosa likitokea, kukizungushia kisanduku mstari mwekundu hakutoshi. Asiyeona hauoni, na asiyetofautisha rangi huenda asiutambue. Andika kosa kwa maneno yanayomwambia mtu la kufanya: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja" inamsaidia, "Ingizo batili" halimsaidii. Ufunge ujumbe huo na kisanduku chake kwa `aria-describedby`, kisha umpeleke mtumiaji kwenye kosa la kwanza. Na tafadhali usifute alichokwisha kujaza. Mtu aliyeandika kurasa mbili kwa kidole kimoja asianzishwe upya kwa sababu ya tarehe.

Kama fomu ina muda wa kuisha, mtumiaji aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kubonyeza kitufe cha kuongeza muda. Ruhusu nywila kubandikwa. Fumbo la kuchagua picha au kunakili herufi zilizopinda, ili mtu athibitishe kwamba si roboti, ni ukuta kwa wengi. Spamu inaweza kuzuiwa upande wa seva bila kumsumbua mtu.

Hatua ya 5: Picha, hasa mabango

Picha yenye ujumbe iwe na `alt` inayosema ujumbe huo, kwa sentensi moja au mbili. Picha ya pambo iwe na `alt=""` tupu, ili kisoma skrini kiipite kimya; ukiiacha bila `alt` kabisa, huenda kikasoma jina la faili, "IMG underscore" na namba zake. Nembo inayorudisha kwenye ukurasa wa mwanzo iseme jina la taasisi.

Tatizo kubwa la taasisi ni bango. Tangazo zima la kazi, lenye sifa, tarehe ya mwisho na anwani, huwekwa kama picha moja. Kwa kisoma skrini hapo hapana kitu, na kwa mwenye uoni hafifu herufi huvurugika akikuza. Bango liwepo kama mnalipenda, lakini maneno yake yote yawe kwenye ukurasa kama maandishi. Grafu nayo iambatane na jedwali au aya inayosema inaonyesha nini.

Hatua ya 6: Rangi na ukubwa

Maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1. Makubwa, kuanzia pointi 18 au pointi 14 zilizokolezwa, kwa angalau 3 kwa 1. Kwenye mandhari nyeupe, kijivu cha `#767676` ndicho hafifu cha mwisho kinachopita. Mipaka ya visanduku vya fomu nayo inahitaji 3 kwa 1.

Kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha la upana wa pikseli 1280. Maandishi yajipange upya, mtu asilazimike kusogeza kulia na kushoto ili asome mstari mmoja. Ukikuta `user-scalable=no` kwenye msimbo, ifute, kwa kuwa inaweza kumzuia mtu kukuza ukurasa. Vitu vya kugusa viwe na angalau pikseli 24 kwa 24.

Hatua ya 7: Video na PDF

Manukuu ya video, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa kwenye skrini, yakitengenezwa na mashine yapitiwe na binadamu kabla ya kuwekwa, hasa majina na tarakimu. Kwa viziwi ambao lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama, mkalimani ndani ya video husaidia kuliko manukuu peke yake. Sauti isianze yenyewe. Kitu chochote kisiwake na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwani kinaweza kumletea mtu shambulio la kifafa.

PDF iliyotokana na skana ni picha tu. Badala ya kuhangaika nayo, weka maudhui kwenye ukurasa wa kawaida, na PDF ibaki ya kuchapisha.

Hatua ya 8: Programu za ukaguzi, kisha watu

Sasa endesha axe, WAVE au Lighthouse. Ni nzuri kwa yale uliyoyapita, lakini zinaona tu kama `alt` ipo, haziwezi kujua kama inasema kweli. Ukiuziwa kijiprogramu cha kubandika kinachoahidi kurekebisha tovuti nzima kwa mstari mmoja wa msimbo, usinunue. Hakigusi fomu mbovu iliyo chini yake, na mara nyingi hugongana na kisoma skrini cha mtu mwenyewe.

Kisha waalike watu wenye ulemavu tofauti wapite njia ile, kwa vifaa vyao wenyewe, na uwalipe kama unavyomlipa mtaalamu mwingine. Wape kazi, kaa kimya, andika wanapokwama. Usiwaelekeze hata ukiona wanatafuta kitufe kilicho mbele yao, kwa sababu kule kutafuta ndiko unakokuja kukuona.

Hatua ya 9: Weka tamko, linda kazi

Andika ukurasa mfupi unaosema kipi kinapitika, kipi bado, na namba na barua pepe ya mtu atakayejibu. Taja yaliyobaki bila kuficha. Mtu akijua mapema kwamba malipo bado hayapitiki kwa kisoma skrini, atapiga simu badala ya kupoteza asubuhi yake.

Anayepakia matangazo kila wiki ndiye atakayeharibu au kulinda kazi hii, si fundi. Kaa naye, mfundishe vichwa, viungo, `alt` na habari ya mabango. Ukishamaliza, rudi kwa wapokea simu uwaulize njia ya pili ni ipi.