Ukitoka Upasuaji wa Saratani ya Utumbo, Kabla ya Dawa za Dripu

Kwa wiki 6 usinyanyue zaidi ya kilo 5. Ndoo ya lita 20 mwachie mwingine, kwani mshono wa ndani ukilegea huzaa ngiri. Ukikohoa, kandamiza mto tumboni. Tembea kila siku, hata mpaka barazani tu, damu isigande miguuni. Kula kidogo kidogo, mara 5 au 6: uji laini, wali, changu wa kuchemsha. Mahindi ya kuchoma yangoje.

Dawa za dripu za kuua saratani (kemotherapi) kwa kawaida huanza wiki 4 hadi 8 baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Kabla ya kutoka Tanga kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, tibu meno mabovu, nunua kipimajoto. Ukishaanza dawa, joto likifika 38, usimeze panadoli ukalala: nenda hospitali usiku huohuo. Ukipewa oksaliplatini, mojawapo ya dawa hizo, dafu la baridi liache. Koo na vidole vitachomachoma.